Kidole kinateleza, kifungo hakifungiki

Mpwa wangu ana miaka mitano na ushee. Ukimpa simu ya mama yake, nywila anaijua, katuni anaipata kwa kugusa picha, tangazo analiruka kabla wewe hujalisoma. Bando likikata anakuletea simu na kukupa maelekezo: "Mjomba, weka bando." Asubuhi moja nikiwa kwao Tabata, Dar es Salaam, nilimkuta kasimama mlangoni na shati la shule, vifungo viwili vimeingia kwenye matundu yasiyo yao, cha tatu anakisukuma kwa kidole gumba kama anayebonyeza kengele ya geti. Dada yangu alimfungia kwa mkono mmoja, mwingine unakoroga uji. "Gari litamwacha huyu," akasema.

Jioni likarudi daftari. Kazi ya nyumbani ni kurasa tatu za herufi b, zimechorwa kwa nukta nukta, mtoto afuatishe. Penseli kaishika kwenye ngumi kama mchi. Ukurasa wa pili karatasi ilitoboka, akaanza kulia. Chini ya kazi ya jana yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Azidishiwe mazoezi nyumbani."

Azidishiwe mazoezi ya nini? Herufi anaijua. Ukimwonyesha b kwenye pakiti ya biskuti anaitaja. Kinachomkwamisha ni mkono, na mkono huo haukupata pa kujifunzia. Hatoki nje kwa sababu nje ni barabara ya bodaboda. Udongo hashiki kwa sababu sare ni nyeupe (aliyechagua sare nyeupe kwa watoto wa chekechea hajawahi kufua). Akirudi saa nane anapewa simu ili dada wa kazi apike kwa amani.

Kwenye makundi ya wazazi mada hii ina pande mbili zinazorushiana maneno kila likizo. Upande mmoja simu ni shetani, mtoto asiiguse. Upande wa pili dunia imekuwa ya kidijitali, mtoto asiyejua kishikwambi ataachwa nyuma. Mimi naona pande zote mbili zinabishana kuhusu kifaa wakati suala ni kimekaa mkononi mwa nani. Kwa umri wa miaka mitatu hadi sita, teknolojia inayomfaa mtoto ni ile iliyoshikwa na mtu mzima aliye karibu naye. Mkono wa mtoto una kazi nyingine.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko tunavyoidhania. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa gegedu, kisha inakomaa mmoja mmoja kwa miaka mingi. Wa mwisho, ambao ni kama punje ya njegere upande wa kidole kidogo, kwa kawaida husubiri hadi kati ya miaka 9 na 12. Kushika penseli nako kuna ngazi zake: mwanzo ni ngumi, halafu vidole vyote vikielekea chini, halafu vidole vitatu vilivyokakamaa, na karibu na miaka mitano au sita ndipo vidole vitatu vinaanza kucheza vyenyewe bila kuburuta mkono mzima. Na kabla ya vidole kuna bega. Mtoto aliyekwea mwembe na kusukuma tairi barabarani ana bega linalotulia, na bega likitulia vidole vinapata nafasi ya kufanya kazi ndogondogo. Huyu wa kwetu bega lake limezoea kochi.

Wazee wetu hawakuwa na neno "stadi za misuli midogo", lakini walituweka kwenye ungo wa mchele tuchambue chuya na mawe. Tulimenya njugu, tulitunga shanga, tulifinyanga magari ya matope yenye matairi ya vizibo. Halafu kulikuwa na mdako. Unachimba kishimo, unajaza vijiwe, unarusha kimoja juu, na kabla hakijarudi unavuta vingine vitoke shimoni, unadaka. Kisha unavirudisha ukibakiza kimoja nje, raundi inayofuata viwili, inayofuata vitatu. Jicho liko juu, mkono uko chini, kichwa kinahesabu, na pembeni kuna mtu anasubiri ukosee. Sijaona programu ya simu inayodai vyote hivyo kwa wakati mmoja.

Kuhusu ile kazi ya nukta, kuna jambo mwalimu wa wino mwekundu angefaa kulisikia. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma. Baadhi ya herufi na maumbo watoto waliandika kwa mkono huru, mengine walifuatisha nukta, mengine walibonyeza kwenye kibodi. Kisha wakaingizwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wakitazama herufi. Maeneo ya ubongo yanayotumika katika kusoma yaliamka kwa herufi zilizoandikwa kwa mkono huru. Kwa zilizobonyezwa hayakuamka vile, na kwa zilizofuatishwa nukta pia hayakuamka vile. Watoto walikuwa wachache, kwa hiyo sitaki kuupandisha utafiti huu mimbarini. Maelezo ya watafiti lakini yanaingia akilini: mtoto anayechora b mwenyewe huitoa kila mara tofauti, moja ina tumbo kubwa, nyingine inainama, na kwa makosa hayo anajifunza b ni nini hasa. Nukta zinamfanyia kazi hiyo. Na programu nyingi za simu za "kufundisha kuandika" ni nukta zilezile zenye rangi na makofi.

Sasa nije upande wa pili, maana sitaki nionekane mzee wa enzi zetu. Kishikwambi kinaweza kumfundisha mtoto kusoma Kiswahili, na ushahidi mmojawapo ulipatikana hapa nyumbani.

Kati ya 2017 na 2019 mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. Google ilitoa vishikwambi, na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu wakashirikiana kuvifikisha kwenye takriban vijiji 170, kwa watoto wapatao 3,000. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Kila kimoja kilibeba programu ya mmoja wa washindani watano walioingia fainali, ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 kundi hilo la mwisho lilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindani wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10 za ushindi.

Hayo si mafanikio ya kubeza. Ila watu wanayanukuu kama hati ya kumkabidhi mtoto wa miaka minne kishikwambi na kwenda zao jikoni, na hapo ndipo ninapogoma. Watoto wa Tanga walikuwa na umri wa miaka 7 hadi 11. Mtoto wa kijijini wa miaka tisa mkono wake umeshachota maji, umeshika jembe, umefunga mbuzi kamba. Kishikwambi kilimkuta mtu aliyekomaa viungo, kikamletea kile tu alichokosa, yaani herufi na sauti zake. Mtoto wa mjini wa miaka minne ana tatizo la kinyume. Tena pigeni hesabu ile kwa utulivu: zaidi ya tisini ikigawanywa kwa mbili inabaki kama arobaini na tano. Miezi 15 na kifaa cha kisasa, na bado kama watoto wanne na nusu katika kila kumi hawakuweza kusoma neno moja. Mwalimu halisi angeleta matokeo hayo tungemwitia kikao.

Majirani zetu walijaribu njia pana zaidi. Kampeni ya muungano wa kisiasa wa Jubilee ya mwaka 2013 iliwaahidi Wakenya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vikaanza kusambazwa 2016, na mwishowe vikapita milioni moja. Ukikaa na walimu wa huko utasikia habari za kabati lenye kufuli mbili, kwa sababu kifaa kikiibwa nani atakilipa? Wakati siasa zikipiga kelele za kompyuta, kule Kisumu lilikuwa limefanyika jaribio tulivu ambalo kwangu lina somo kubwa kuliko yote. Mtafiti Benjamin Piper na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2016, walizigawa shule makundi matatu: kwenye kundi moja vifaa vya kielektroniki vya kusomea walipewa wanafunzi, kwenye jingine vishikwambi walipewa walimu, na kwenye la tatu vishikwambi walipewa wakufunzi wanaozungukia walimu madarasani. Makundi yote matatu yaliziacha nyuma shule zisizokuwemo kwenye mradi. Lakini kumwekea kila mtoto kifaa mkononi hakukuleta faida ya kuzidi kumpa mtu mmoja tu, mwalimu au mkufunzi wake. Mradi wa kufundisha kusoma wa Tusome, uliosambaa Kenya nzima kuanzia 2015, ulifuata njia hiyo: mtoto anapata kitabu chake, kishikwambi anakibeba afisa anayekuja kukaa nyuma ya darasa na kumwambia mwalimu wapi pa kurekebisha.

Kitabu kwa mtoto, kioo kwa mkubwa. Nalitamani hilo likiwa limebandikwa kwenye kila duka la simu Kariakoo.

Lipo jingine kuhusu Tanga ambalo halisemwi sana, nalo ni lugha. Siku ile ya daftari nilimwandikia mpwa wangu MAMA kwenye karatasi. Akavuta pumzi, akasoma: "Em, ei, em, ei." Akanitazama. "Mjomba, inasema nini?"

Alikuwa amefundishwa herufi na katuni za Kiingereza, na Kiingereza kina sababu zake za kuita a "ei", maana kule herufi moja inavaa sauti nne tano. Kwetu a ni a. Irabu tano, sauti tano, hazibadiliki ukiwa Lamu au Lubumbashi. Kiswahili hakisomwi herufi kwa herufi, kinasomwa silabi kwa silabi. Mtoto akishika ba be bi bo bu na ka ke ki ko ku, wiki hiyohiyo anaweza kusoma baba, babu, bibi, kaka, kuku, kikoba, kubeba. Ni zawadi ambayo mtoto wa London hana. Ugumu wetu unakuja baadaye, kwenye mba na nywa na ng'o, na kwenye maneno marefu kama treni: ha-wa-ku-tu-a-ndi-ki-a, silabi nane, mtoto akifika ya mwisho ya kwanza imeshamtoka. Programu nzuri ya Kiswahili lazima ijengwe juu ya hayo. Zipo: zile za fainali ya Tanga ziliwekwa wazi mtandaoni mtu yeyote azichukue bure. Lakini mzazi wa mjini anapakua inayosema "A for Apple", na tufaha lenyewe mtoto hajawahi kulimenya.

Mafunzo bora ya silabi ninayoyajua mimi hayahitaji hata betri. Ni mchezo wa kinyume. Unachukua silabi ya mwisho unairusha mbele: maji ni jima, samaki ni kisama, nyumba ni mbanyu. Watoto wa Pwani walikitumia kusengenyana mbele ya wakubwa. Mtoto anayegeuza samaki kuwa kisama papo hapo ameshalikata neno vipande vitatu kichwani, amekishika cha mwisho, amekihamisha. Hicho ndicho wataalamu wanakiita ufahamu wa sauti, na wanatuambia ni mzizi wa kusoma. Kuku ndiye hana dawa. Unamgeuza anabaki kuku, na hapo watoto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Kuna mwalimu wa awali ninayemfahamu, anafundisha Mbagala. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Yeye ana themanini na kitu, na kitu chenyewe kinabadilika kila Jumatatu. Tatizo lake la kwanza halikuwa mbinu, lilikuwa koo. Ilipofika saa nne asubuhi sauti imekwisha. Akajirekodi kwenye simu akitaja silabi moja moja, baada ya kila silabi ananyamaza kidogo, akaunganisha na spika ndogo ya kuchaji. Kisha akachora miduara sakafuni kwa majivu na kuandika silabi ndani yake. Spika inasema "ki". Watoto sita waliopo uwanjani wanarukia ki, anayetua kwenye ku anarudi mstarini. Raundi ya pili ni kuruka kwa mguu mmoja. Raundi ya tatu spika inasema neno, "kuku", "baba", "kaka", unaruka mara mbili. Wakati hao wanaruka, kundi jingine liko kwenye mkeka linapanga vizibo vya soda alivyoviandika silabi kwa kalamu ya wino mzito, na jingine linamenya maharage mabichi ambayo yakimalizika yanaingia kwenye sufuria ya makande ya shule. Wenye mitaala wanaiita hiyo kona za ujifunzaji. Yeye anaiita kuokoa koo.

Simu iko mfukoni mwa aproni yake muda wote. Hakuna mtoto aliyeigusa.

Nilipomuuliza kishikwambi chake kiko wapi alicheka. Baada ya sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyohesabia watu viligawiwa walimu, na walimu ninaowajua mimi wanakitumia zaidi kujaza takwimu: mahudhurio, madawati, matundu ya choo. Kwa hiyo kifaa tunacho, tena tumekiweka mahali hasa ambapo lile jaribio la Kisumu lingetuambia tukiweke. Kilichobaki ni kukijaza. Sizungumzii moduli ya kurasa 60 kwa mfumo wa PDF. Nazungumzia video ya dakika tatu ya huyo mwalimu wa Mbagala na majivu yake, mwenzake wa Nachingwea aitazame usiku na kesho ajaribu. Sauti safi za silabi zilizorekodiwa na mtu anayetofautisha dha na za. Vitendawili mia vilivyopangwa kwa umri. Taifa lina Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto tangu Desemba 2021, na mtaala mpya wa awali ulianza Januari 2024. Maneno mazuri kuhusu michezo yamo humo tele. Mwalimu anahitaji jambo la kufanya saa mbili na nusu asubuhi, watoto themanini wakimtazama.

Dada yangu alinisikiliza hotuba yote hii, akaniuliza swali moja: "Kaka, uwanja uko wapi?"

Ana haki. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na kukaa mbele ya kioo cha simu au televisheni kusizidi saa moja. Dakika 180 kwenye chumba na sebule ya kupanga, nje kuna ngazi, chini ya ngazi kuna fremu za biashara? Kiwanja tulichochezea rede sisi, yule wa katikati akijaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira, leo kina ghorofa na gereji. Tunamlaumu mama kwa kutoa simu wakati mji mzima umemnyang'anya mtoto vumbi. Hilo si la mzazi peke yake. Ni la wanaopima viwanja na wanaotia saini vibali, na sijawasikia wakiingizwa kwenye mjadala wa kusoma na kuandika.

Tulichokipata nyumbani ni kidogo, na hakijatimia. Bibi yake mpwa wangu yuko Muheza. Dada yangu alimwomba awe anatuma hadithi kwa ujumbe wa sauti, na bibi, ambaye hajui kuandika meseji, ameibuka kuwa mtangazaji. Anaanza: "Paukwa!" Halafu ananyamaza. Ananyamaza kwa urefu uleule ambao mtoto anahitaji ili ajibu, kana kwamba anamwona, na mtoto anajibu kwa nguvu mpaka jirani anajibu naye: "Pakawa!" Simu iko juu ya kabati. Chini, kwenye mkeka, kuna ungo wa mchele na vidole kumi ambavyo havina cha kutelezesha, kwa hiyo vinachambua. Mchele wenyewe, dada anasema, anauchambua tena upya mtoto akilala.

Vifungo bado vinakwenda kombo, ila siku hizi ni kimoja badala ya viwili. Penseli imeshuka kutoka ngumini, inavishwa vidole vinne. Wiki iliyopita nilipigiwa simu kuwa kachukua kipande cha mkaa jikoni na kuandika jina la bibi yake kwenye ukuta wa korido, herufi kubwa za urefu wa mkono, moja imegeuka nyuma mbele. Mwenye nyumba anataka ukuta upakwe rangi kabla ya mwisho wa mwezi. Nimetuma nusu ya hela ya ndoo.